Nani Aliyekataa? Lugha ya Malalamiko ya Zabuni na Haki ya Mzabuni Mdogo

Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuitafuta lugha ya sheria mahali pamoja tu, nayo ni mahakamani. Tangu A. B. Weston alipotoa orodha yake ya istilahi za sheria za Kiswahili mwaka 1968, mjadala wetu umekuwa juu ya hakimu, wakili na mshtakiwa: nani aseme kwa lugha gani, na mwenendo wa shauri uandikwe kwa lugha ipi. Mjadala huo haukuwa bure. Hata hivyo, wananchi walio wengi hawaionji sheria kizimbani. Huionja katika barua ya halmashauri, katika mkataba wa kuzoa taka, katika karatasi inayowaambia kwamba kazi waliyoiomba amepewa mwingine. Makala haya yanahusu karatasi ya namna hiyo.

Ninaishi Mbagala, wilaya ya Temeke. Jioni moja walinijia vijana watatu, mafundi seremala wenye kikundi chao huko Keko, mtaa ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua kwa makochi na vitanda vyake. Walikuwa wameomba zabuni ya kutengeneza madawati ya shule za halmashauri mojawapo ya mkoa huu. Baada ya maamkizi, mkubwa wao alinipa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo wa kompyuta. “Mwalimu,” alisema, “tusomee. Tumeisoma wenyewe mara nyingi, ila hatuoni kosa letu liko wapi.” Karatasi hiyo ilikuwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: kwamba zabuni yao haikukubalika kwa kuwa ilionekana kutokidhi matakwa ya msingi.

Jambo hili lilinishughulisha kwa sababu linapingana na imani ambayo mimi na wenzangu tumeihubiri kwa miaka mingi. Tulidhani kwamba nyaraka za serikali zikishaandikwa kwa Kiswahili, mwananchi ataijua haki yake. Sasa ninaona kwamba barua inaweza kuwa ya Kiswahili fasaha, isiyo na kosa hata moja la sarufi, ikamnyima msomaji haki yake kwa ukamilifu kuliko barua ya Kiingereza. Ya Kiingereza angeitafutia mkalimani mapema.

Sheria inasema nini

Ni vema kwanza tueleze kwa ufupi utaratibu wenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili si watu wa zabuni. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ununuzi wa Umma mwaka 2001, ikaitunga upya mwaka 2004, mwaka 2011 na mwaka 2023. Hii ya mwisho ilianza kutumika Juni 2024. Kabla ya kusaini mkataba, taasisi nunuzi hulazimika kuwapelekea wazabuni wote taarifa ya kusudio la kutoa tuzo. Kanuni zinaitaka taarifa hiyo imtaje anayekusudiwa kupewa kazi, bei yake, muda wa kazi, na sababu zilizowaangusha wengine. Asiyeridhika hupeleka malalamiko yake kwa maandishi kwa afisa masuuli wa taasisi ileile. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, hukata rufani kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Muda wa kulalamika ni mfupi. Chini ya marekebisho ya mwaka 2016 ulikuwa siku 7 za kazi. Sheria ya 2023 imeupunguza ukawa siku 5 za kazi. Muda wa Mamlaka kuamua rufani nao umepunguzwa kutoka siku 45 hadi 40. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, mlalamikaji ana siku 14, na malalamiko yake huenda moja kwa moja kwenye bodi iliyo nje ya taasisi iliyomkataa. Bodi hiyo nayo ina siku 21 za kuamua. Sitaki kuingia katika ubishi kuhusu nchi ipi ina sheria bora. Ninalotaka msomaji alishike ni hili: mtu mwenye siku 5 anategemea kabisa maneno ya barua aliyoletewa. Hana nafasi ya kuuliza, kujibiwa, kisha kuanza kuandika.

Tena wanaopokea barua hizo si makampuni makubwa pekee. Tangu mwaka 2016 sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kikundi cha washonaji cha Tandika na kikundi cha wazoa taka cha Tandale vimeingizwa katika uwanja uleule wa masharti na muda ambamo zamani waliingia wakandarasi wenye mawakili. Si kwamba watu wa chini hawaiwezi mikataba. Wakazi wa Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, waliingia mikataba ya jamii ya kujenga mifereji ya maji ya mvua katika mtaa wao wenyewe tangu katikati ya miaka ya 1990. Kinachowashinda si kazi wala hesabu.

Kauli ya kutendeka

Turejee kwenye sentensi ya barua. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hufundishwa tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Katika kutendwa, mtenda anaweza kuachwa asitajwe, lakini nafasi yake ipo, na msomaji anaweza kuidai: zabuni ilikataliwa, na nani? Na kamati ya tathmini. Katika kutendeka nafasi hiyo imefungwa. Twaweza kusema “mlango umefunguliwa na Juma”, lakini anayesema “mlango umefunguka na Juma” atarekebishwa hata na mtoto. Mlango umefunguka, ndivyo ulivyo. Kauli hii ni ya hali, au ya tabia ya kitu chenyewe: kamba hukatika, chungu huvunjika, mchele mbovu hauliki.

Sasa tazama “zabuni yenu haikukubalika”. Mwandishi hakusema kwamba kamati haikuikubali. Amesema kwamba kutokukubaliwa ni tabia ya zabuni, kama uchungu ulivyo tabia ya shubiri. Kisha ameongeza “ilionekana”. Ilionekana na nani, lini, katika ukurasa upi? Hapa pia kitenzi ni cha kutendeka, mtenda hayumo wala hawezi kuingizwa pasipo kuivunja sentensi. Na “matakwa ya msingi” ni jina lisilo na kitu ndani yake. Nyaraka za zabuni zina matakwa mengi, na barua haikutaja hata moja. Sentensi nzima ina vitenzi vitatu na haina mtu.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mtindo tu wa ofisi, na kwamba adabu ya Kiswahili hupenda kuzungumza kwa mbali. Nakubali kwamba mtindo huu una asili yake, na pengine una uungwana ndani yake. Anayemnyima mtu posa huwa hatamki “nimekukataa”, husema “haikuwezekana”. Lakini aliyenyimwa posa hana siku 5 za kuandika malalamiko akieleza kifungu kilichovunjwa na aliyekivunja. Adabu ya nyumbani ikihamishiwa mahali ambapo sheria inadai sababu, inakuwa njia ya kutotoa sababu.

Kuna jambo jingine dogo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Neno “masuuli” lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni uleule uliotupatia “swali” na “suala”. Afisa masuuli, kwa maana ya neno lenyewe, ni yule anayeulizwa. Sheria imemwita hivyo na kumpa kazi hiyo. Lakini barua zinazotoka katika ofisi yake zimetungwa kwa namna ambayo haiachi swali la kumuuliza.

Tuzo, malalamiko, usuluhishi

Tatizo la pili ni la istilahi, na hapa wataalamu wa lugha hatuwezi kuwatupia lawama watu wa halmashauri peke yao.

Tuanze na “zabuni” yenyewe, ambayo ni istilahi njema. Kuzabuni ni neno la mnadani tangu zamani. Maana yake ni kutaja bei mbele ya dalali. Mnadani kila mtu husikia bei ya mwenziwe, na aliyeshindwa anajua papo hapo kwa nini ameshindwa. Zabuni za serikali zimegeuza mambo mawili: bei imefichwa mpaka siku ya kufungua, na mwenye bei ndogo iliyokidhi masharti ndiye anayepata badala ya mwenye kubwa. Hata hivyo wazo la ushindani wa wazi limebaki ndani ya neno. Ndiyo maana limeenea bila kusukumwa, ingawa “tenda” bado inasikika mtaani. (Mafundi wa Temeke wana hata “fosi akaunti”, nao huitumia kwa uhakika kuliko maofisa wengi.)

“Tuzo” ni habari nyingine. Kiingereza kina neno “award” lenye maana pana: zawadi ya mshindi, uamuzi wa kumpa mtu mkataba, na uamuzi wa baraza linalosikiliza mgogoro. Mfasiri wetu alichukua maana ya kwanza akaibandika kwenye zote tatu. Kwa Mswahili, tuzo hutoka kwenye kutuza. Hutuzwa mwimbaji wa taarabu aliyewafurahisha wasikilizaji, au mwanafunzi aliyefaulu. Tuzo ni hisani ya anayetoa. Hakuna anayeidai, na anayelalamika kwamba amekosa tuzo huonekana mwenye kijicho. Mkataba wa madawati si hisani ya mtu. Ni fedha za umma zinazotolewa kwa kufuata masharti yaliyotangazwa, na aliyetimiza masharti ana haki juu yake. Ningependelea “uteuzi”: taarifa ya kusudio la kumteua mzabuni. Uteuzi una mteuaji, tena una vigezo vinavyoweza kuhojiwa.

“Malalamiko” nayo yamebeba mzigo. Katika matumizi ya kila siku, kulalamika ni kunung’unika. Mlalamishi ni mtu wa kuepukwa. Nilipowauliza wale vijana kwa nini hawakuandika malalamiko, mdogo wao alijibu kwamba hawakutaka kuharibu jina lao mapema, wasije wakaonekana wakorofi katika zabuni zijazo. Walikwenda ofisini kwa mdomo, kwa heshima, wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri. Kumbe Kiswahili kina “pingamizi”, neno linalojulikana na kila aliyewahi kusikia ndoa ikitangazwa au kiwanja kikigombewa. Pingamizi huwekwa ndani ya muda maalumu, na likishawekwa jambo husimama mpaka lisikilizwe. Hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa na sheria. Kati ya “rufani” na “rufaa” sioni haja ya kupoteza wino. Tanzania ina Mahakama ya Rufani, Kenya ina ya Rufaa, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Neno linalonitia hofu zaidi ni “usuluhishi”. Mkataba ukishasainiwa, mgogoro hautatuliwi tena kwa njia ya malalamiko ya zabuni. Hufuata kifungu cha migogoro kilichomo ndani ya mkataba, na mara nyingi kifungu hicho hupeleka shauri kwa mtu au jopo lililoteuliwa na pande mbili, ambalo uamuzi wake hufunga mjadala na hutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Utaratibu huo unatawaliwa na sheria iliyotungwa mwaka 2020, nayo kwa Kiswahili huitwa Sheria ya Usuluhishi. Lakini katika migogoro ya kazi tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Katika jina la tume hiyo, “usuluhishi” ni kule kuwakalisha wagombanao ili wapatane kwa hiari, na “uamuzi” ndio ule wa kufunga mjadala. Yaani neno moja, katika sheria mbili za nchi moja, limepewa maana mbili zinazopingana. Katika moja unaweza kuondoka pasipo kukubali lolote. Katika nyingine utakalotamkiwa limekufunga.

Fundi anayesoma kwamba mgogoro “utapelekwa kwenye usuluhishi” ataelewa kama wazee wake walivyoelewa: suluhu, watu kukaa chini, kila mmoja kulegeza kidogo. Atasaini akidhani amewekewa mlango wa huruma. Sijui jina lingine la hali hiyo isipokuwa kusaini usichokijua.

Mifano mikubwa kutoka mkoa uleule

Inawezekana msomaji akaona kwamba ninayakuza mambo ya madawati. Basi tutazame Tegeta, upande wa kaskazini wa Kinondoni. Mwaka 1995 TANESCO ilisaini na kampuni ya IPTL mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa mtambo wa megawati 100 uliojengwa huko. Mkataba ulitaja mitambo ya dizeli ya mwendo wa polepole. Iliyofungwa ilikuwa ya mwendo wa kati, ambayo ni nafuu. Kwa tofauti ya maneno hayo, na ya gharama zilizoambatana nayo, mgogoro ulipelekwa mwaka 1998 kwenye kituo cha kimataifa cha utatuzi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Uamuzi wa mwaka 2001 ulipunguza gharama zilizotambuliwa za mradi hadi takriban dola za Marekani milioni 127, na mtambo ulianza kuzalisha mwaka 2002. Mabishano kuhusu malipo hayakuishia hapo, na hatimaye Bunge liliyajadili Novemba 2014 kwa jina la Tegeta Escrow. Wakati huo wananchi walijifunza neno “eskro” redioni, karibu miaka 20 baada ya mkataba kusainiwa.

Au tutazame maji. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa huduma ya maji ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Serikali iliuvunja mwaka 2005. Baraza la kimataifa liliamua Julai 2008 kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini haikupaswa kulipa fidia yoyote. Kabla ya hapo, mwaka 2007, asasi za Tanzania zikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP ziliruhusiwa kupeleka maoni ya maandishi, ila zilinyimwa nyaraka za shauri na nafasi ya kuhudhuria. Ziliambiwa ziseme juu ya kitu ambacho hazikuruhusiwa kukisoma. Kwa mkazi wa Mbagala aliyenunua maji kwa ndoo miaka yote hiyo, shauri zima lilipita juu ya kichwa chake kama ndege.

Sidai kwamba Kiswahili kingeiokoa nchi katika mashauri hayo. Wanasheria waliojua Kiingereza barabara ndio waliosaini. Ninachodai ni kwamba migogoro ya mikataba, mikubwa kwa midogo, huzaliwa na kufa ndani ya maneno, na kwa hiyo istilahi zake haziwezi kuachiwa mtu mmoja mwenye haraka mezani.

Pingamizi dhidi ya hoja hii

Wenzangu wa Kitivo cha Sheria wataniambia kwamba njia imekwisha kufunguliwa. Kweli, hadi mwaka 2021 kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kilisema kwamba sheria ikichapishwa kwa lugha mbili na kukatokea utata, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Na mwaka huo marekebisho yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Nilishangilia kama wengine. Lakini kasi ya kutafsiri iliyofuata ndiyo inayonitia wasiwasi. Istilahi ikishaingia katika sheria huwa ngumu kuitoa kuliko ikiwa katika kamusi. Kamusi huhaririwa na toleo lijalo, sheria huhitaji Bunge. BAKITA ilipokuwa ikitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, istilahi ilipita mikononi mwa watu wa fani na watu wa lugha kabla haijatangazwa. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, nasi wa chuo tulikuwa tukiulalamikia. Sasa natamani turejee kwake, angalau kwa yale maneno machache yanayomfunga mtu au kumwekea muda.

Wapo pia wanaotumaini kwamba kompyuta itamaliza matatizo. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, na malalamiko na rufani navyo vimewekewa moduli yake humo. Faida yake ni kubwa: tarehe hazifichiki, na barua haiwezi kudaiwa kwamba haikufika. Lakini mfumo hupeleka sentensi kama ulivyopewa. Ukipewa “haikukubalika”, utaifikisha “haikukubalika” kwa kasi ya umeme, na siku 5 zitaanza kuhesabiwa.

Ombi langu kwa watunzi wa violezo vya barua hizo ni dogo. Sababu ya kumkataa mzabuni iandikwe katika kauli ya kutenda, ikiwa na mtenda, sharti lenyewe, na mahali lilipoandikwa. Aya ya mwisho imweleze kwa siku na tarehe mwisho wa kuweka pingamizi, na ofisi ya kulipeleka. Wanafunzi wangu wa uzamili wanaweza kuandaa violezo hivyo kwa muhula mmoja, wakishirikiana na watu wa ununuzi.

Wale vijana niliwasindikiza ofisini siku ya pili yake, ingawa kwa hesabu yangu siku ya kazi iliyokuwa ikipita ilikuwa ya tisa. Tulipokewa vizuri. Ofisa mmoja, kijana mwenye adabu, alifungua faili kwenye kompyuta akatuambia kwamba tamko la dhamana ya zabuni halikuwa na sahihi. Nikaomba kipande cha karatasi, nikaandika: “Kamati ya Tathmini iliikataa zabuni yenu kwa sababu hamkutia sahihi tamko la dhamana ya zabuni, kama masharti kwa wazabuni yalivyowataka.” Nikampa mkubwa wao aisome. Aliisoma mara moja tu.

“Hii mbona tuliitia sahihi,” alisema. “Iko ukurasa wa pili wa faili lilelile. Shusha chini kidogo, kaka.”

Ofisa alishusha. Sahihi ilikuwapo, na mhuri wa kikundi pembeni yake.

Mkataba wa madawati ulikuwa umesainiwa siku mbili kabla.